Figo ya kuprintiwa itaingia sokoni lini? Dada yangu anaisubiri

kaka_wa_Zuhura

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada wa mawazo hasa kwa mliosomea mambo ya tiba au mnaofuatilia haya makampuni ya nje, na naomba msinijibu kwa kejeli maana jambo lenyewe linaniumiza.

Dada yangu mkubwa figo zake zilifeli, sasa ni mwezi wa 14 anasafishwa damu, mara 3 kwa wiki, kila mara masaa manne kwenye mashine, akirudi nyumbani hana hata nguvu ya kushika mwiko. Familia tulipimwa, mimi ndo grupu la damu limeendana naye na daktari akasema tukiwa tayari tuanze vipimo vingine vya kuangalia kama naweza kumpa figo moja. Mimi niko tayari, nilishasema tangu siku ya kwanza. Anayekataa ni yeye. Mwanzo alikuwa ananiambia "wewe bado kijana hata hujaoa, nikikuharibia maisha mama nitamwambia nini". Sasa mwezi uliopita ikaingia klipu kwenye grupu la familia, daktari yuko jukwaani huko ulaya au marekani, amevaa glavu, ameshika kitu cha rangi ya waridi chenye umbo la figo kabisa, maandishi yanasema imeprintiwa na mashine kwa seli za binadamu. Mjomba akatuma voisi chini yake kwamba kuna makampuni yapo mpaka soko la hisa yanauza hizi mashine, kwamba miaka miwili mitatu tu figo zitakuwa zinanunuliwa kama unavyonunua meno ya bandia. Toka hapo dada kashikilia hilohilo, "mdogo wangu tusubiri, karibu watu hawatakatana tena".

Nimejaribu kusoma mwenyewe nimechanganyikiwa zaidi maana ni kweli kampuni zipo na ni kweli mashine zinauzwa. Sasa kama mashine ipo sokoni kwanini figo haipo? Nani anazinunua hizo mashine na anafanyia nini? Na figo yenyewe tuseme ukweli ni lini?

---

Bukoba_Goteborg

Kaka pole sana, mpe pole na dada. Nipo Sweden, Gothenburg, ni fundi wa maabara ya chuo na hizo mashine nazishika karibu kila wiki kwaiyo ntakueleza ninachokijua kwa mikono yangu.

Nianze na klipu maana naihisi ni ile ile. Kama daktari ni wa makamo, yuko kwenye jukwaa la mihadhara la TED na nyuma yake kuna mashine inaprinti, huyo ni Anthony Atala wa chuo cha Wake Forest, Marekani, na hiyo ni ya Machi 2011. Elfu mbili na kumi na moja kaka. Kile alichokishika kilikuwa mfano wa umbo tu, hakichuji damu, hakina mishipa inayofanya kazi. Magazeti mengi wakati ule yaliandika kwamba daktari kaprinti figo halisi, chuo chake kikalazimika kutoa maelezo kwamba sio figo inayoweza kuwekwa kwa mtu. Maelezo hayo hayakusambaa, klipu ndo imesambaa mpaka imefika kwenu. Atala mwenyewe ni mtu mkubwa kwenye hii fani, simsemi vibaya, ila waliokata klipu wamekata na tarehe.

Sasa swali lako la mashine ni swali zuri sana. Chukulia mfano wa stationery. Mtu akinunua printa ya kawaida, printa yenyewe inaweza ikawa ya bei ya kawaida tu, kinachommaliza ni wino, kila mwezi anarudi dukani. Hapa mjini kwetu ndo imezaliwa kampuni ya Cellink, ilianza 2016, waanzilishi wawili Erik Gatenholm na Hector Martinez, na walichokiona ni kwamba maabara nyingi zilikuwa zinajipikia wino wenyewe kila moja kivyake. Wino wa hizi mashine ni jeli laini ambayo unachanganya na seli hai, unaiweka kwenye sirinji, mashine inaminya mstari juu ya mstari kufuata mchoro wa kompyuta. Wao wakatengeneza jeli ya nyuzinyuzi ndogo sana za mti pamoja na alginati, hii inatoka kwenye mwani (mwani wa kahawia, sio ule wanaolima akina mama wa Paje), wakaifunga vizuri wakaanza kuiuza kwa mtandao tayari kwa matumizi. Halafu wakaleta mashine ya bei ya chini. Kabla ya hapo bayoprinta ilikuwa kitu cha dola laki moja laki mbili, vyuo vikubwa tu, ghafla ikawa kuna mashine ya kama dola elfu kumi ya kuweka mezani. Mwaka huohuo 2016 wakaingia soko la hisa.

Kwaiyo mjomba hajadanganya, kampuni ipo na mashine zinauzwa. Ila nani ananunua? Ni sisi, vyuo, maabara za kampuni za dawa, za vipodozi. Na tunaprinti nini? Vitu vidogo kama kidonge, vingine kama ukucha wa mtoto. Tishu (yaani kipande cha seli zilizoshikana) ya ini ya kupimia dawa, kipande cha ngozi cha kupakia krimu uone kama inaunguza, uvimbe wa saratani wa kujaribia dawa. Huku Ulaya tangu 2013 hairuhusiwi kuuza kipodozi kilichojaribiwa kwa wanyama, ndo maana L'Oréal waliingia mkataba na kampuni moja ya printa mwaka 2015 kwa ajili ya ngozi. Huyo ni mteja mwenye sababu ya kulipa leo leo, hasubiri muujiza.

Figo ni habari nyingine kabisa, narudi jioni kuieleza maana zamu inaanza.

---

Sista_Mary_K

Mdogo wangu mimi ni muuguzi kitengo cha kusafisha damu, miaka tisa sasa. Ya printa siyajui naachia wataalam. Nimeguswa na neno moja uliloandika, "tusubiri".

Sikiliza. Kusubiri kwenye mashine sio kusubiri bure kama kusubiri daladala. Mgonjwa anayekaa muda mrefu kwenye mashine kabla ya kupandikizwa, hata akija kupata figo baadae matokeo yake kwa kawaida hayawi mazuri kama ya yule aliyepandikizwa mapema. Moyo unachoka, mishipa inachoka, mifupa pia. Namwona kila siku, anaingia mwaka wa kwanza anatembea, mwaka wa tatu anasukumwa.

Na upandikizaji sio wa kusafiri India tu kama zamani. Muhimbili walianza Novemba 2017 wakisaidiana na madaktari wa India, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018. Hapa kwetu mtoaji ni ndugu aliye hai, na huyo ndugu wanampima sana, moyo, presha, sukari, figo zote mbili, wanaongea naye peke yake wajue hajalazimishwa. Wakiona hata wasiwasi kidogo juu yako wanakukataa. Dada yako ajue kwamba kuna watu kazi yao ni kukulinda wewe. Anaogopa kwa sababu anakupenda, sasa mpeleke akasikie kwa daktari wa watoaji, sio kwako, wewe kwake utaendelea kuwa mtoto.

Jambo jingine mjipange, baada ya kupandikizwa kuna dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, ni za maisha, kila siku. Ulizeni bima mapema kabla ya kitu chochote.

---

Hisa_na_Afya

Mkuu naongezea upande wa hela maana mjomba kaweka neno soko la hisa na hapo ndo watu wengi wanapotea. Mtu akiona kampuni imeorodheshwa anadhani bidhaa imeshakamilika. Kwa kampuni za bayoteki mara nyingi ni kinyume, zinaingia sokoni kwa sababu hela ya kutafitia imeisha na wanahitaji ya wawekezaji ili waendelee, bidhaa bado sana.

Mfano mkubwa ni Organovo ya San Diego. Ilianzishwa 2007 kutokana na utafiti wa Gabor Forgacs wa chuo cha Missouri, ndo kampuni ya kwanza iliyofanya dunia nzima iongelee kuprinti viungo. 2013 hisa moja ilipita dola 10 na watu wananunua wakiwa na picha ya ini na figo kichwani. 2014 wakatoa bidhaa yao ya kwanza kweli, tishu ya ini ndogo sana kwenye visahani vya maabara, inaishi wiki kadhaa, kampuni ya dawa inawapa dawa wanaipima kama itaharibu ini. Wazo zuri kabisa, kwa sababu dawa nyingi zinakuja kuondolewa sokoni kwa kuharibu ini na wakati huo hela nyingi zimeshaenda. Baadae wakaongeza tishu ya figo, ya kupimia hivyohivyo.

Lakini wateja hawakuja kwa kasi. Nimesoma sana kuhusu hili na naona sababu ni kwamba kampuni ya dawa haibadilishi kipimo kwa sababu kipya kinavutia, inabadilisha pale mdhibiti wa dawa wa serikali atakapokikubali, na wakati ule sheria ya Marekani bado ilikuwa inataka majaribio ya wanyama. Kwaiyo mteja akinunua tishu ya Organovo bado atalipia na panya. Analipa mara mbili. 2019 walisimamisha mpango wao wa kutengeneza tishu ya ini ya kuwekwa kwa mgonjwa, hisa ikawa chini ya dola 1. Mwaka 2025 wameuza dawa yao moja kwa Eli Lilly na kampuni ikabadili jina ikawa VivoSim Labs, kazi yao sasa ni upimaji wa dawa. Ile ndoto ya viungo iliyouza hisa 2013 haipo hata kwenye jina.

Mwingine ni Tengion. Hii inahusu sana klipu yako. Atala huyohuyo na wenzake walitengeneza kibofu cha mkojo kwa seli za mgonjwa mwenyewe, wakaripoti wagonjwa 7 kwenye jarida la Lancet 2006. Hawakuprinti, seli zilipandwa kwa mkono kwenye kiunzi chenye umbo la kibofu. Kampuni ya kuviingiza sokoni ilikuwa hiyo Tengion, ikaingia soko la hisa 2010, majaribio makubwa zaidi yakatoa matokeo yasiyoridhisha, Desemba 2014 ikafilisika. Na kibofu ni mfuko tu mkuu, ukuta mwembamba unaohifadhi mkojo. Figo inautengeneza.

Kila kiungo cha seli za mgonjwa mwenyewe ni bidhaa ya mtu mmoja, huwezi kutengeneza elfu moja ukaweka stoo. Chumba kisafi, wataalam, vipimo vya kila hatua, vyote kwa ajili ya mtu mmoja, halafu ukimaliza uanze upya kwa mwingine. Gharama haishuki kwa wingi kama simu.

---

Maabara254

Sasa watu wangu, niko Nairobi, nasoma biomedical. Nimesikia yote lakini naona mnamkatisha kaka tamaa kuliko inavyofaa. Hizo hadithi za Organovo ni za zamani. Desemba 2022 Marekani walipitisha sheria mpya inayosema dawa si lazima ijaribiwe kwa wanyama kabla ya kupelekwa kwa binadamu, na Aprili 2025 FDA wenyewe (mamlaka ya dawa ya Marekani) wakatangaza mpango wa kupunguza wanyama kwa baadhi ya dawa. Hiyo imefungua mlango. 2023 kampuni ya Aspect Biosystems ya Vancouver ilipewa dola milioni 75 za kuanzia na Novo Nordisk, na ikifaulu kwa kila kitu inaweza kufika dola bilioni 2.6, kwa ajili ya tishu za kuprintiwa za watu wa kisukari. Novo Nordisk ndio wanauza insulini, hawachezi na pesa zao. Mwaka huohuo Stanford wakapata dola milioni 26.3 za serikali kuprinti moyo na kuuweka kwa nguruwe ndani ya miaka mitano. 2022 kampuni ya New York, 3DBio, iliprinti sikio kwa seli za mwanamke wa miaka 20 aliyezaliwa na sikio lisilokamilika na akawekewa. Sikio la mtu aliye hai! Venye vitu vinaenda mimi siwezi kusema figo haiji.

---

Bukoba_Goteborg

Nimerudi. Maabara254 mdogo wangu, hayo yote uliyoandika ni kweli na yananifurahisha, ila yaangalie tena moja moja yanaongelea kitu gani.

Sheria ya 2022 inasaidia tishu za kupimia dawa. Ndo soko lilelile alilosema Hisa_na_Afya, sasa lina nafasi nzuri zaidi, na mimi naamini litakua. Halimpi mtu figo.

Sikio. Kwanini sikio lilikuja mapema? Kwa sababu gegedu, ule mfupa laini wa sikio, haina mishipa ya damu ndani yake. Seli za gegedu zimezoea maisha ya shida, zinapata chakula kidogo kidogo kutoka pembeni. Seli za figo hazivumilii. Seli nyingi zikikaa mbali na mshipa zaidi ya kama sehemu mbili za kumi za milimita, hewa ya oksijeni haifiki, zinakufa. Nimeona kwa macho, unaprinti kipande kinene kidogo, siku mbili tatu ukikikata katikati kimeoza, pembeni ndo pako hai. Sasa figo moja ina vichujio kama milioni moja, kila kimoja na mshipa wake uliosokotwa na kijibomba chake kirefu chenye aina tofauti za seli zilizopangwa kwa zamu, na figo zote mbili zinapitisha karibu lita moja ya damu kila dakika. Sindano ya mashine ninayotumia mimi ni nene kuliko huo mshipa mara nyingi. Ukitumia sindano nyembamba zaidi seli zinapasuka kwa msukumo. Zipo njia nyingine, akina Adam Feinberg wa chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, wanaprinti kolajeni (protini inayoshikilia tishu) ndani ya bakuli la jeli ya gelatini inayoshikilia umbo lisiporomoke halafu jeli inayeyushwa, walichapisha kwenye jarida la Science 2019, ni kazi nzuri sana na nimejaribu kuiga. Wengine wanatumia mwanga. Kampuni ya Marekani ya United Therapeutics ikishirikiana na kampuni ya printa ya 3D Systems walionyesha mwaka 2022 kiunzi cha pafu chenye kilomita 4,000 za mishipa midogo. Kiunzi lakini, nyumba ambayo haina watu, seli bado hazijaingia zikakaa zikafanya kazi.

Na Aspect hawaprinti kongosho zima. Wanaprinti vipande vyenye seli za kutoa homoni. Hapo ndo ujanja wao ulipo, wamechagua ugonjwa ambao kipande kidogo tu kinaweza kusaidia.

---

kaka_wa_Zuhura

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Sista umenitoa machozi pale uliposema kwake ntabaki kuwa mtoto, ndo kilichopo.

Nimemwonyesha dada ile ya tarehe, 2011. Amenyamaza muda mrefu, akasema "kumbe nilikuwa hata sijaanza kuumwa". Halafu akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu, akasema basi kama ni miaka yote hiyo hakuna hata mgonjwa mmoja duniani aliyefaidika na hizi mashine? Maana kama hakuna kabisa basi ni uongo, na kama yupo basi kuna tumaini.

---

Hisa_na_Afya

Wapo. Mwambie wapo, na hakuna uongo. Ila angalia walipo, utaona wote wamechagua kitu kinachokaribia kwenye ngozi au kisichohitaji damu nyingi.

Korea Kusini kuna Rokit Healthcare, hawa wanatibu vidonda vya miguu vya kisukari. Wanachukua mafuta kidogo ya mgonjwa mwenyewe, wanayasaga na kuyachuja hapohapo, mashine inaprinti kiraka chenye umbo la kidonda kile kile, kinawekwa. Hakuna kusafirisha seli kwenda kiwanda cha mbali zikuzwe wiki nzima. Mimi kama mtu wa hela hiyo ndo naona ina akili kuliko zote, maana kila kitu kinaishia chumba cha upasuaji na mgonjwa anatoka na kiraka chake. Wameingia soko la hisa la kwao 2025. Na mguu wa kisukari kwetu tunaujua, kila mtu ana mjomba au shangazi aliyekatwa, hii ikishuka bei ni bidhaa ambayo hata hapa Dar ingekuwa na mteja kesho asubuhi.

Japan kuna Cyfuse, wao wanaunganisha vibonge vya seli bila jeli kabisa, wanavichomeka kwenye sindano nyembamba kama mishikaki mpaka vishikane, wametengeneza bomba la kuunganishia mishipa ya fahamu iliyokatika na Chuo Kikuu cha Kyoto walilijaribu kwa wagonjwa 3 wenye majeraha ya mkono. Ufaransa kampuni ya Poietis ilishirikiana na hospitali za Marseille kwenye ngozi.

Idadi ni ndogo. Ila ni watu kweli.

---

Maabara254

Nakubali Bukoba, umenielewesha hiyo ya sikio, sikuwa nimefikiria mambo ya mishipa ya damu. Lakini nina swali langu na samahani kaka_wa_Zuhura nikitoka nje ya mada kidogo. Hao wa Carnegie Mellon walitoa michoro bure ya kugeuza printa ya kawaida ya plastiki iwe bayoprinta kwa chini ya dola 1,000. Sisi hapa chuoni tuko na printa mbili za plastiki. Tukizigeuza, tunaweza kuanza biashara yoyote? Ama ni ndoto?

---

Bukoba_Goteborg

Mashine ndo sehemu rahisi mdogo wangu. Nakuambia kwa upendo. Ukiwa na printa ya dola 1,000 bado unahitaji kabati la kukuzia seli lenye joto la 37 na hewa ya kaboni iliyopimwa, kabati la hewa safi ili bakteria wasiingie, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na umeme ambao haukatiki, seli zenyewe, na chakula cha seli kinachoagizwa nje kikiwa kimegandishwa na kikikwama bandarini au uwanja wa ndege siku mbili umekitupa. Hapo ndo hela inaishia. Umeme ukikatika usiku mmoja kazi ya miezi miwili imekwenda, nimewahi kupoteza seli zangu huku huku Sweden kwa sababu ya mlango wa friza ambao haukufungwa vizuri, nililia.

Ila biashara ipo, usiache. Anzeni na wino. Jeli haina seli ndani yake, haifi. Cellink walianza hivyohivyo na malighafi ya mti na mwani. Angalieni mna malighafi gani hapo ambayo mkiisafisha kwa kiwango cha maabara mtaweza kuiuza kwa vyuo vya Afrika ambavyo leo vinaagiza kila kitu. Mkiweza kuthibitisha kwamba kila chupa inafanana na ya mwezi uliopita, mna bidhaa. Hapo kwenye kufanana ndo pagumu, wateja wanasamehe bei hawasamehi wino unaobadilika. Na mwone mwanasheria wa hatimiliki mapema, hii fani imejaa hataza (haki za uvumbuzi), Organovo na wamiliki wa Cellink waliwekana mahakamani mpaka 2022 ndo wakamaliza kwa leseni.

---

Hisa_na_Afya

Na kitu kingine ambacho nadhani dada atakisikia akianza kusoma habari. Hata huko Marekani wanaokimbilia kumaliza tatizo la figo kwa sasa hawakimbii na printa. Machi 2024 Boston waliweka figo ya nguruwe aliyebadilishwa vinasaba kwa mgonjwa aliye hai, ikafanya kazi, mgonjwa alifariki kama miezi miwili baadae na hospitali ikasema hakuna dalili kwamba figo ndo ilisababisha. Mwanzoni mwa 2025 FDA waliwaruhusu United Therapeutics, haohao wa pafu la kuprinti, waanze majaribio rasmi ya figo za nguruwe. Fikiria hilo mkuu. Kampuni yenye printa bora kabisa na hela zote, kwenye figo imetanguliza nguruwe. Bosi wa kampuni Martine Rothblatt aliianzisha kwa sababu binti yake alikuwa na ugonjwa wa mapafu, kwaiyo usiseme hana haraka, ana haraka kuliko sisi wote, na bado njia aliyoiona fupi sio printa.

---

kaka_wa_Zuhura

Hiyo ya nguruwe sisi familia yetu ni Waislamu, italeta mjadala wake, sheikh tutamuuliza siku ikifika. Lakini nimeelewa unachosema.

Nimemsomea dada majibu yote jana usiku baada ya kurudi kutoka kwenye mashine, akiwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mpaka ile ya mishikaki ya Japan akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Ameniuliza figo ina vichujio milioni moja kweli? Nikamwambia ndivyo alivyoandika fundi. Akasema "na wewe unataka kunigawia milioni yako".

Hajasema ndio. Amesema tutaenda wote kwa daktari wa watoaji, atamsikiliza yeye mwenyewe, na mimi nitoke nje wakati anauliza. Miadi ni Alhamisi. Sista_Mary_K naomba unisaidie, kuna maswali gani hasa ambayo mtu huwa anasahau kuuliza pale? Nataka nimwandikie kwenye karatasi.

---

Sista_Mary_K

Alhamdulillah, nimefurahi sana. Mwandikie haya, kwa maneno yake mwenyewe: mtoaji akishatoa anarudi kazini baada ya muda gani, na kazi yake ni ya kubeba mizigo au ya kukaa? Anafuatiliwa kliniki miaka mingapi na nani analipa hiyo kliniki yake? Figo aliyobaki nayo ikija kupata shida huko mbele utaratibu ukoje? Kwa wewe dada, dawa za kuzuia kukataa zinapatikana hospitali gani karibu na nyumbani na bima inachukua kiasi gani, maana akikosa hata siku chache anaweza kuipoteza figo. Na aulize pia kama umri wa mdogo wake kuwa kijana ni tatizo, maana najua hilo ndo linalomkaa rohoni, asiondoke bila kulijibiwa.

Wewe Alhamisi kunywa maji, kula vizuri, usinywe dawa za maumivu za kujinunulia dukani wiki hii, hasa diclofenac na jamii yake, watakupima figo. Mkitoka andika hapa.